PPK ya Marehemu Mzee au Glock Mpya? Bastola Ndogo za Zamani na za Sasa kwa Mmiliki wa Dodoma

Wanaouliza swali hili hapa Dodoma ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mrithi. Baba alikuwa mfugaji au mfanyabiashara, alikuwa na bastola ndogo ya leseni, amefariki, na sasa silaha imekabidhiwa polisi wakati mtoto anahangaikia maombi yake mwenyewe. Wa pili ni mtu ambaye maombi yake yamepita ngazi zote, kuanzia serikali ya mtaa hadi kwenye kamati za ulinzi na usalama, na sasa yuko huru kuchagua. Wa kwanza anataka kujua kama chuma cha mzee bado kinafaa kubebwa. Wa pili anapiga hesabu: atoe fedha nyingi kwa kipya, au achukue kilichotumika chenye jina kubwa na bei ya chini?

Kwa wote wawili, mwaka wa kutengenezwa hauji kwanza. Nikiishika bastola naangalia triga yake inavyofanya kazi, kisha nauliza risasi zake zinapatikanaje, kisha naomba kuona ala (mfuko wa kubebea bastola kiunoni) itakayovaliwa. Bastola iliyobuniwa mwaka 1931 inaweza kumfaa mtu kuliko iliyotoka 2018. Ipo moja ya zamani, hata hivyo, ambayo simshauri mtu yeyote aivae kiunoni, nayo nitaifikia.

Nimezichukua zile zinazotajwa sana mtu anapotafuta bastola ya kubeba bila kuonekana. Uzito ni wa takriban, bila risasi. Kwenye jina la risasi, namba ya kwanza ni kipenyo cha kichwa na ya pili ni urefu wa ganda; magazini ni kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, na namba yake ni idadi ya risasi.

| Bastola | Mwaka | Risasi | Magazini | Urefu | Uzito |
|---|---|---|---|---|---|
| Walther PPK | 1931 | 7.65 mm | 7 | mm 155 | g 590 |
| Makarov PM | 1951 | 9×18 mm | 8 | mm 161 | g 730 |
| Glock 19 | 1988 | 9×19 mm | 15 | mm 185 | g 600 |
| SIG P365 | 2018 | 9×19 mm | 10 | mm 147 | g 500 |
| Glock 43X | 2019 | 9×19 mm | 10 | mm 165 | g 465 |

Ukizitazama namba hizi unaona wahandisi walichokifanya kwa karibu miaka 90. P365 ni fupi kuliko PPK na nyepesi kuliko PPK, lakini inabeba risasi kumi za nguvu kamili mahali ambapo PPK inabeba saba ndogo. Siri iko kwenye magazini: risasi zinapangwa mbili mbili kwa kupishana chini, kisha safu inabanwa taratibu hadi inakuwa moja juu, kwa hiyo mpini unabaki mwembamba. Kabla ya hapo ulilazimika kuchagua. Ukitaka wembamba, ulichukua kitu kama Glock 43 ya mwaka 2015 yenye risasi sita. Ukitaka risasi nyingi, ulibeba mpini mnene.

Kinachokusaliti ni mpini

Watu wengi wakiambiwa "bastola ya kuficha" wanatazama urefu wa mtutu. Mtutu unaingia ndani ya suruali na kupotea. Kinachotokeza nyuma ya shati ukiinama kuokota kitu ni mpini. Ndiyo maana Glock 26, iliyotoka katikati ya miaka ya 1990, inafichika vizuri ingawa ni nene: mpini wake umekatwa hadi kidole cha mwisho kinakosa mahali pa kushika. Glock 43X iko kinyume, nyembamba kama daftari lakini mpini wake ni mrefu. Kwa mtu mwembamba anayevaa shati la kuchomekea, 43X itachora umbo lake nyuma ya kitambaa mapema kuliko 26.

Hapa kwetu mavazi ndiyo yanayoamua. Jua la Dodoma halikuruhusu koti mwezi wa kumi. Unabaki na shati la kitenge lisilochomekewa au kaunda suti, na kusema kweli sijui vazi linaloficha bastola ya kiunoni vizuri kuliko kaunda suti: kitambaa kizito, halichomekewi, linashuka chini ya nyonga, na hakuna anayekushangaa ukiwa umelivaa Majengo sokoni au kwenye korido za wizara kule Mtumba. Mvaaji wa kaunda suti anaweza kubeba hata Glock 19 bila taabu. Mvaaji wa fulana na jinzi ya kubana asijidanganye. P365 au PPK ndiyo saizi yake.

Kuna na suala la gari. Mfanyabiashara wa mahindi anayetoka Kibaigwa kuja mjini anakaa kwenye kiti kwa muda mrefu, mkanda umefungwa, na bastola iliyo nyuma ya nyonga inamchoma mgongo huku akiwa hawezi kuifikia. Wengi wanaishia kuivua na kuiweka kwenye droo ya gari. Hilo ni kosa kubwa kuliko kuchagua bastola mbaya, kwa sababu wezi wa magari wanaijua droo hiyo. Kama bastola haivumiliki ukiwa umeketi, hiyo si yako, iwe mpya au ya zamani. Hapa PPK na P365 zinashinda waziwazi, na Makarov yenye gramu zake 730 inaanza kulalamikiwa ifikapo saa sita mchana.

"9 mm" si moja

Mrithi mmoja aliniletea swali ambalo nimelisikia kwa sura nyingi: "Shikamoo mzee. Hii ya baba imeandikwa 9 mm, si nichukue risasi zozote za 9?" Marahaba, mwanangu, na hapana.

Kuna angalau tatu zinazoitwa hivyo. Ya kwanza ni 9×17, wengi wanaiita 9 fupi, aliyoibuni John Browning na kutoka mwaka 1908; baadhi ya PPK zinatumia hiyo, nyingine zinatumia 7.65 mm. Ya pili ni 9×18 ya Makarov, na kichwa chake kina kipenyo cha mm 9.27. Ya tatu ni 9×19, iliyozaliwa mwaka 1902, ambayo kichwa chake ni mm 9.02 hivi. Tofauti hizo ni za nywele, lakini zinatosha kuzifanya zisibadilishane, na mtu anayelazimisha anaweza kuharibu silaha na mkono wake. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu au kwenye slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola ikifyatuka. Usisome maandishi ya kwenye sanduku alilokuachia mzee, maana sanduku linaweza kuwa lilibadilishwa zamani.

Kwa nguvu, 7.65 mm inatoa jouli 180 hivi, 9 fupi 260, 9×18 karibu 300, na 9×19 inafika 450 na zaidi, ingawa mtutu mfupi unaipunguza kidogo. Watu hubishana sana juu ya namba hizi. Mimi naziweka nyuma ya jambo lingine: upatikanaji. Risasi zinanunuliwa kwa leseni, kwa muuzaji aliyeidhinishwa, na idadi yake inadhibitiwa. Hutakuwa na maelfu ya kuchezea. Kama duka linazo 9×19 mara nyingi na 9×18 kwa bahati, basi mwenye Makarov atafanya mazoezi mara chache, na asiyefanya mazoezi ni hatari zaidi kwake na kwa waliomzunguka kuliko bastola yoyote. Kabla hujafurahia bei ya chini ya silaha ya zamani, ingia dukani uulize risasi zake. Muulize muuzaji mara ya mwisho alizipokea lini.

Triga, na ile ambayo sitaki uivae

Hapa ndipo tofauti ya kizazi na kizazi ilipo hasa, na hapa ndipo watu wanapojipiga paja.

PPK na Makarov zina nyundo ya nje na triga ya namna mbili. Ukivuta mara ya kwanza nyundo ikiwa chini, mvuto ni mrefu na mzito, kwa sababu kidole ndicho kinachoinua nyundo. Baada ya hapo slaidi inaiinua nyundo yenyewe na mvuto unakuwa mwepesi na mfupi. Huo uzito wa kwanza ni kinga ya kweli. Kitambaa kilichoingia kwenye triga hakiivuti kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba risasi ya kwanza na ya pili zinatoka kwa mivuto miwili tofauti kabisa, na asiyezoea hupeleka ya kwanza chini ya shabaha.

Zote mbili zina swichi ya usalama kwenye slaidi upande wa kushoto, na zote mbili swichi hiyo inashusha nyundo bila kufyatua. Lakini zinaenda njia tofauti. Kwenye PPK unashusha swichi chini ili iwe salama. Kwenye Makarov unaipandisha juu. Mtu aliyekulia na moja akapewa nyingine anaweza kuamini ameifunga kumbe ameifungua. Kama nyumbani kwenu mna leseni mbili na bastola mbili za aina hizi, nashauri moja iondoke.

Glock na ndugu zake wa sasa hazina nyundo ya nje wala, kwa kawaida, swichi ya nje. Glock ina kinga tatu za ndani: ulimi mdogo katikati ya triga, kizuizi cha pini ya kupigia (ile inayogonga fataki, kidonge cha kuwashia baruti nyuma ya risasi), na kinga ya kuanguka. Mvuto ni uleule kila mara, kama kilo 2.5. Ni rahisi kujifunza na rahisi kupiga vizuri, na hiyo ndiyo sababu majeshi ya polisi mengi duniani yalihamia huko. Ila kinga zote tatu zinaachia kitu chochote kikivuta triga. Triga haijui kama kilichoivuta ni kidole, kamba ya jaketi au ukingo wa ala iliyolegea.

Na ala ndiyo kasoro yetu. Ngozi tunayo nyingi, mafundi tunao wazuri, na mtu anaona hakuna haja ya kununua ala ya plastiki ngumu wakati fundi viatu atamshonea ya ngozi kwa siku moja. Kwa PPK, ala hiyo laini inavumilika. Kwa Glock au P365, ngozi laini ikizeeka inajikunja mdomoni. Unaporudisha bastola, ule mkunjo unaingia kwenye triga kabla ya bastola kukaa. Ukiamua kuchukua ya kisasa, hesabu bei ya ala ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola hiyohiyo kuwa sehemu ya bei ya silaha. Ukiona hiyo ni gharama ya ziada, chukua ya zamani.

Sasa ile moja. Tokarev TT-33, pamoja na nakala yake ya Kichina ya Type 54, ni nyembamba na bapa, na risasi yake ya 7.62×25 mm ni ya kasi kubwa. Watu wanaipenda kwa wembamba huo. Lakini ile ya asili haina swichi ya usalama. Ina mkato wa kusimamisha nyundo nusu njia tu, na haina kizuizi cha pini ya kupigia. Ikiwa na risasi kwenye chemba (mwanzo wa mtutu, risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) ikaangukia nyundo, inaweza kulia. Baadhi ya zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ziliongezewa swichi, na mwenye hiyo ana nafuu kidogo. Hata hivyo kwa kubeba kila siku naikataa. Kasi ya risasi yake pia si sifa kwa mtu anayeishi mtaa wa Kisasa au Area C, ambako nyuma ya ukuta wako kuna kitanda cha mtoto wa jirani.

Usidhani kipya maana yake ni salama. Mwaka 2017 ilibainika kwamba SIG P320, bastola ya kisasa kabisa, ingeweza kufyatuka ikiangushwa kwa pembe fulani, na mwezi wa nane mwaka huo kampuni ikatangaza kuzifanyia marekebisho bila malipo. Zile za awali ambazo hazikurudishwa bado zipo mikononi mwa watu duniani. P365 nazo katika miezi yake ya kwanza zililalamikiwa kwa pini za kupigia kuvunjika na kukwaruza fataki ya risasi, kisha zikarekebishwa. Kwa hiyo bastola yenye umri wa mwaka mmoja sokoni ni ya kumwachia mwingine aijaribu. Glock 19 ina zaidi ya miaka 30 ya kupigwa, kuangushwa na kufukiwa mchangani, na ubaya wake wote umeshaandikwa.

Kwa PPK za asili na Makarov, kumbuka nazo hazina kizuizi cha ndani cha pini. Mimi nasema wazi, na wapo walimu watakaonipinga: asiyefanya mazoezi ya mara kwa mara abebe chemba ikiwa tupu, bastola iwe ya mwaka wowote.

Vumbi na jasho

Hili ni fupi. Chuma cha zamani kilichotibiwa kwa kemikali hadi kikawa cha bluu kinapata kutu kwa jasho, na upande unaogusa mwili ndio unaoanza. PPK inayovaliwa Dodoma ifutwe kila jioni. Slaidi za kisasa zimetibiwa zaidi na fremu ni ya plastiki ngumu, kwa hiyo zinasamehe uvivu. Vumbi la miezi ya upepo halichagui umri. Mafuta mengi yanalishika na kulifanya uji ndani ya slaidi. Paka kidogo sana, na pamba za shati zinazojikusanya kwenye triga na nyuma ya slaidi zitoe kwa brashi ndogo. Ala ya ngozi hukauka na kupasuka huku kwetu, kisha hulowa jasho. Ya plastiki unaiosha.

Kufungua slaidi

Kuna imani kwamba bastola ndogo ya risasi ndogo ndiyo ya mama au ya mzee mwenye mikono dhaifu. Mara nyingi ni kinyume. PPK na Makarov hazina mfumo wa kufunga mtutu na slaidi pamoja. Kinachoshikilia msukumo ni uzito wa slaidi na ukakamavu wa springi. Kwa hiyo springi ni ngumu, na kuivuta slaidi nyuma kunahitaji nguvu. Na kwa sababu hiyohiyo teke lake ni kali kuliko unavyotarajia kwa risasi ya saizi ile. PPK pia ina tabia ya slaidi kumkwaruza mwenye mkono mnene katikati ya kidole gumba na cha shahada. Glock 19, pamoja na risasi yake kubwa, inafunguka kwa ulaini zaidi na inasukuma mkono polepole.

Mwenye maumivu ya viungo aangalie Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ ya mwaka 2018. Inatumia 9 fupi, magazini ni ya nane, na iliundwa makusudi ili slaidi ivutike kwa urahisi. Au achukue rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) kama Smith & Wesson Model 36, ya tangu 1950: risasi tano za .38, hakuna slaidi wala swichi, triga nzito inayojilinda yenyewe. Nene kiunoni, ndiyo. Lakini mama mwenye duka anayeifungia kwenye sefu na kuitoa wakati wa kufunga hesabu hahitaji zaidi.

Nani achukue ipi

Mwenye leseni mpya na asiye na historia ya silaha: Glock 19 kama anavaa nguo za kutosha, Glock 26 kama hapana. Si kwa sababu ni za kusisimua, hazisisimui hata kidogo. Ni kwa sababu risasi zake ndizo zinazotafutwa zaidi, vipuri vipo, na kila mwalimu wa shabaha anazijua. P365 na 43X ninazipendekeza kwa mtu ambaye tayari anapiga vizuri na anataka kupunguza uzito. Bastola nyepesi yenye risasi kamili inaruka mkononi, na anayeanza hujenga tabia ya kukunja uso na kufumba macho kabla ya kufyatua. Tabia hiyo kuiondoa ni kazi.

Makarov iliyotumika, kwa bei nzuri, kwa mtu aliyehakikisha risasi: sikatai. Ni ngumu kuharibika, ina vipande vichache, na mtutu wake uliofungwa kwenye fremu unapiga sawasawa. Kumbuka tu kwamba kitasa cha magazini kiko chini ya mpini, kwa hiyo kuibadilisha kunahitaji mikono miwili na subira.

Mrithi wa PPK, akishakabidhiwa kwa leseni yake mwenyewe, aipeleke kwanza kwa fundi wa silaha anayetambulika kabla ya kuipenda. Abadilishiwe springi zote, ya slaidi na za magazini, kwa sababu springi iliyokaa imebanwa miaka 30 haiaminiki. Fundi aangalie ukucha wa kutolea maganda, aangalie kama swichi inashusha nyundo bila kugusa fataki, na namba ya silaha ilinganishwe na ile ya kwenye nyaraka za mzee. Wakati wa uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 wamiliki wengi walitakiwa kuzipeleka silaha zao zikaguliwe. Kama mzee alihakikiwa, karatasi hizo zitafute, zitarahisisha safari yako. Baada ya hapo ipige kwenye uwanja wa shabaha, chini ya mwalimu, magazini kadhaa. Ikikwama mara kwa mara hata baada ya springi mpya, iache.

Na ukiamua kuiacha, usimpe binamu wala usimuuzie jirani hata kama naye ana leseni yake. Leseni yake ni ya silaha yake. Iache hukohuko polisi, au uirudishe kama umeshakabidhiwa, waambie huendelei nayo, na uchukue hati inayoonyesha namba ya silaha na tarehe uliyoikabidhi.